Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ilizaliwa katika ngoma. Mchezaji hodari alipoingia uwanjani na kucheza kwa madaha, jamaa na majirani walitoka mmoja mmoja wakambandika sarafu kwenye paji la uso, au wakamfunga leso mabegani, na wanawake wakapiga vigelegele. Hilo ndilo tunzo. Maana yake ni kwamba mtu akiwa kwao hakosi wa kumthamini, bali akienda ugenini, hata akiwashinda wenyeji kwa ufundi, aweza kurudi mikono mitupu.

Methali ni rahisi kusema, lakini si kila methali husadikika kila mahali. Katika insha hii nataka kuipima hii kwa mizani ya timu moja ya kandanda ya mitaa ya mashariki ya Nairobi, nayo ni Mathare United. Timu hii ilianza katika bonde la vibanda na majaa ya taka, ikapanda hadi kuwa bingwa wa Kenya, kisha ikaanguka hata ikashindwa kufika uwanjani. Je, mcheza kwao huyu alitunzwa? Na kama hakutunzwa, kosa ni la mchezaji, la watazamaji, au la methali yenyewe?

Kabla ya kumhukumu mtu ni haki kuwajua ndugu zake. Timu kubwa za Nairobi zilikuwa na nguzo mbili za kuegemea. Nguzo ya kwanza ilikuwa kabila. Abaluhya, iliyoanza mwaka 1964, na Gor Mahia, iliyoanza mwaka 1968, zilipata wafuasi wao kwa watu waliotoka magharibi ya nchi wakaja mjini kutafuta kazi. Wengi wao walikaa Kaloleni, Makongeni, Ziwani, Bahati na Jericho, na siku ya mchezo walimiminika katika Uwanja wa City kando ya barabara ya Jogoo. Hapo ndipo mtu aliyebeba mizigo wiki nzima alipoweza kumwona Joe Kadenge akiwazunguka walinzi, akasahau uchovu wake kwa muda wa dakika 90. Mwaka 1980 serikali ilitaka timu ziache majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina lilibadilika, mapenzi yakabaki pale pale.

Nguzo ya pili ilikuwa kampuni au idara. Kenya Breweries, ambayo baadaye iliitwa Tusker, ililishwa na kiwanda cha bia, na Ulinzi ni timu ya wanajeshi. Mchezaji wa timu ya namna hii ana mshahara wa hakika maadamu mwajiri ana fedha. Lakini mwajiri akibanwa na hasara, hutazama mahali pa kupunguza gharama, na mara nyingi jicho lake huangukia mpira kwanza.

Mtaa wenyewe ulikuwa wapi katika habari hii? Mtaa ulikuwa mahali pa kulala na pa kupigia kelele. Vijana walichezea vichochoroni kwa mpira wa matambara na karatasi za nailoni zilizofungwa kwa kamba. Aliyekuwa na kipaji aliokotwa na timu ya kabila au ya kampuni, na mtaa ukabaki bila chochote ila sifa ya kusema, “Yule alikulia hapa kwetu.”

Mwaka 1987 ulikuwa mwaka mkubwa katika michezo ya Kenya. Mataifa ya Afrika yalikusanyika Nairobi kwa michezo yao ya nne, na uwanja mpya wa Kasarani ukafunguliwa. Mwaka huo huo Gor Mahia ilitoka sare ya mabao 2 kwa 2 na Esperance mjini Tunis, ikatoka sare tena ya bao 1 kwa 1 mjini Nairobi, na kwa nguvu ya mabao ya ugenini ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika. Hakuna timu nyingine ya Kenya iliyowahi kulipata. Watu walipokuwa wakishangilia hayo, jambo jingine lilianza kimya kimya katika bonde la Mathare, wala halikupigiwa ngoma. Mkanada mmoja aitwaye Bob Munro, mshauri wa mambo ya mazingira na maendeleo, aliungana na vijana wa bonde hilo wakaanzisha chama cha michezo, Mathare Youth Sports Association, ambacho watu hukiita MYSA.

Ajabu ya chama hiki ilikuwa sheria zake. Katika ligi nyingine timu hupata alama 3 kwa kushinda, alama 1 kwa kutoka sare, na hakuna kitu kwa kushindwa. Katika ligi za MYSA, timu iliyotimiza zamu yake ya kusafisha mtaa ilipewa alama 6. Fikiri, msomaji, jinsi hesabu hii inavyoigeuza akili ya mchezo. Timu iliyoshinda mara mbili lakini ikadharau ufagio ilipata alama 6. Timu iliyofungwa mara mbili lakini ikazoa taka na kuzibua mitaro ilipata alama 6 vile vile. Mjuzi wa chenga asiyeshika koleo akajikuta sawa na mtu asiyejua chenga wala pasi. Kijana akaanza kuelewa kwamba anatazamwa kama mkazi wa mtaa kwanza, na mchezaji baadaye.

Vijana waliojitolea kufundisha wenzao, kuwa marefa na kuongoza kamati walijiwekea alama ambazo ziliwawezesha wengine kusaidiwa karo ya shule. Tangu mwaka 1992 wasichana nao waliingizwa katika ligi. Katika vizazi vilivyofuata alitoka Doreen Nabwire, aliyefika Ujerumani kuchezea Werder Bremen, jambo ambalo wazee wengi wa zamani wangelicheka kama lingetabiriwa mbele yao. Mwaka huo huo wa 1992 chama kilipewa tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Makao makuu ya shirika hilo yako Gigiri, upande wa pili wa mji ule ule ambao taka zake vijana hao walikuwa wakizizoa.

Hapa yanipasa kusimama niseme neno la lawama, maana uhakiki usio na lawama ni sifa za harusini. Kuzoa taka ni kazi ya serikali ya mji. Muthaiga na Mathare ni majirani, lakini mtoto wa Muthaiga hakuambiwa kamwe kwamba hatapata alama za mpira mpaka azibue mtaro. Gari la taka lilifika kwao bila yeye kutoka jasho. Tena taka za Nairobi nzima hupelekwa Dandora, katika jaa lililofunguliwa miaka ya 1970, nalo limo katika mitaa hii hii ya mashariki. Kwa hiyo mtu aweza kuuliza: je, si dhuluma kumfanya mtoto maskini alipie mchezo wake kwa kazi ambayo mtoto tajiri hufanyiwa bure?

Swali hili ni la haki, na sioni kuwa lina jibu la kulifuta. Dhuluma ilikuwapo kabla ya ufagio, na ufagio haukuiondoa. Lakini ufagio ulifanya jambo jingine. Mtu hupenda zaidi kile alichokitolea jasho. Mtoto aliyezoa taka za kichochoro hakitazami tena kichochoro kile kama mahali alipotupwa, bali hukiona kuwa chake. Hili ndilo lililokuwa tunda kubwa la sheria ile, kubwa kuliko alama 6. Tulikumbuke, kwa sababu tutalihitaji tutakapofika kwenye anguko.

Mwaka 1994 chama kiliunda timu ya wakubwa, ikaitwa Mathare United. Wachezaji wake walitoka katika ligi za watoto wa bondeni, na walitakiwa waendelee kufanya kazi za kujitolea hata baada ya kuwa mashujaa. Mwaka 1998, ikiwa bado katika daraja la pili, timu hii ilitwaa Kombe la Moi mbele ya timu za daraja la kwanza. Ilipanda Ligi Kuu, na mwaka 2000 ikalitwaa kombe la nchi kwa mara ya pili. Katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia mwaka 2004, Kenya iliifunga Burkina Faso mabao 3 kwa 0, ushindi wake wa kwanza katika fainali hizo. Miongoni mwa waliofunga alikuwamo Dennis Oliech, aliyepitia Mathare United. Kisha mwaka 2008 Mathare United ikawa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya.

Tuutafakari ushindi huo wa 2008. Timu isiyo na kabila wala kiwanda iliwapita wote wenye kabila na wenye viwanda. Ilithibitisha kwamba mtaa unaweza kuwa nguzo ya tatu. Kama historia ingekomea hapo, insha hii ingekuwa utenzi wa sifa, nami ningeweka kalamu chini.

Haikukomea hapo. Miaka iliyofuata ikawa ya kupungukiwa. Katika msimu wa 2021 hadi 2022, wakati uongozi wa kandanda nchini ulikuwa katika mvurugano hata Kenya ikafungiwa na FIFA mwezi wa Februari 2022, Mathare United ilikosa fedha, na mara kadhaa haikufika uwanjani siku ya mchezo. Wapinzani wake walipewa ushindi bila kutoka jasho. Msimu ule ulifutwa, timu ikapata nafasi nyingine, lakini mwaka 2023 ilishuka daraja. Mwaka 2024 ikapanda tena. Tuipe heshima kwa kupanda huko, maana kuinuka baada ya kuanguka ni kazi ngumu kuliko kusimama. Lakini tusiruhusu furaha ya kupanda itusahaulishe swali la kwa nini ilianguka.

Majibu mawili husemwa sana. La kwanza ni kwamba fedha zilikwisha. Jibu hili ni kweli, lakini ni fupi mno. Ni kama kusema kwamba mtu alikufa kwa sababu pumzi ilikwisha. Fedha zilikwisha kwa sababu zilitoka kwa wafadhili na wadhamini, na mdhamini ni mgeni: huja kwa hiari yake na huondoka kwa hiari yake. Mwaka 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa iligombana na serikali juu ya leseni na kodi, ikaondoa udhamini wake katika michezo, na vilabu vingi vya Kenya vikatikisika pamoja. Aliyejenga nyumba yake juu ya mkeka wa mgeni asishangae mkeka unapokunjwa.

Jibu la pili ni kwamba wakazi wa Mathare ni maskini, hawawezi kuilisha timu. Jibu hili lina huruma, na mwenye moyo hatalikejeli. Baba anayeamka alfajiri kutafuta kibarua hawezi kulaumiwa kwa kununua unga kabla ya tikiti. Hata hivyo jibu hili nalo halitoshi. Jumamosi jioni pita katika mtaa wo wote wa Eastlands, Huruma au Kayole, Kariobangi au Umoja, utaona vibanda vya kuonyesha mpira vimejaa. Vijana wamelipa kiingilio ili watazame Arsenal, Chelsea na Manchester United. Wamevaa fulana za timu hizo. Wanajua majina ya wachezaji wa akiba na jina la mganga wa misuli. Waulize mlinda lango wa Mathare United ni nani, wengi watatazamana. Sarafu ipo, ijapokuwa ndogo. Imebandikwa kwenye paji la uso wa mchezaji asiyeweza kuiona.

Sisemi kwamba kuipenda timu ya Ulaya ni dhambi. Mchezo mzuri ni mzuri popote uchezwapo, na macho hayana pasipoti. Lakini mapenzi yana daraja. Anayempenda mtoto wa jirani na kumwacha wake alale njaa hasifiwi kwa wingi wa upendo wake.

Tena wasidhani wanaodharau mpira wa mtaani kwamba umbali kati ya huku na huko haupimiki. Kariobangi Sharks, timu nyingine ya mitaa hii, iliyoanza mwaka 2000, ilikwenda Liverpool mwaka 2018 kucheza na Everton ikafungwa mabao 4 kwa 0. Watu wakasema, “Tulijua.” Tarehe 7 Julai 2019 Everton ikaja Kasarani. Mchezo ukaisha kwa sare ya bao 1 kwa 1, na Sharks wakashinda kwa penalti 4 kwa 3. Ulikuwa mchezo wa kirafiki, na sitaki kuukuza kuliko ulivyo. Lakini siku hiyo hiyo Joe Kadenge alifariki dunia, na mtu mwenye kumbukumbu aliweza kuona kwamba kipaji alichokionyesha yule mzee katika nchi hii hakikuzikwa pamoja naye.

Basi kosa ni la nani? Baada ya kupima pande zote, nathubutu kusema kwamba kosa ni la wawili. Watazamaji walikosa, kwa kupeleka tunzo lao mbali. Lakini mchezaji naye alikosa. Timu ilipokua, mechi zake za nyumbani zilichezwa Kasarani na katika viwanja vingine, si bondeni, na tumaini lake la fedha likaelekea kwa wadhamini. Mkazi wa Mathare ambaye alipokuwa mtoto alipewa ufagio na alama 6, alipokuwa mtu mzima alipewa nini cha kufanya? Aliitwa aje kutazama, akapenda au asipende. Sheria ile njema iliyowafunga watoto na mtaa wao haikupata ndugu yake wa kuwafunga watu wazima na timu yao. Mtu aliyegeuzwa mtazamaji huenda kutazama panapopendeza zaidi, na Ulaya hupendeza.

Wengine watasema kwamba haya ni maneno ya darasani, hayawezekani duniani. Nawajibu kwa mfano wa Union Berlin ya Ujerumani. Timu hii ya mashariki ya mji wa Berlin ilikuwa dhaifu na yenye madeni. Mwaka 2004 wafuasi wake walijitolea damu hospitalini, na malipo waliyopewa wakaichangia timu yao. Mwaka 2008 uwanja wao ulipokuwa mbovu na fedha za kuujenga hazitoshi, zaidi ya wafuasi 2,000 walikwenda wenyewe kwa zamu, wakachanganya saruji, wakasimamisha majukwaa kwa mikono yao. Mwaka 2019 timu ikapanda ligi kuu ya Ujerumani. Wafuasi wale hawakuwa matajiri, lakini baada ya kazi ile hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba timu si yao. Jambo hili Wajerumani hawakulivumbua peke yao. Vijana wa Mathare walilijua tangu mwaka 1987, walipojifunza kwamba alama hupatikana kwa ufagio kama zinavyopatikana kwa mguu.

Kwa hiyo nikitoa hukumu, nasema Mathare United ni kubwa zaidi katika kile ilichokianza kuliko katika vikombe ilivyovitwaa. Vikombe viwili na ubingwa mmoja si haba, lakini timu nyingine zina zaidi. Hakuna timu nyingine ya nchi yetu iliyofundisha kwa sheria, si kwa mahubiri, kwamba mchezo na mtaa ni kitu kimoja. Udhaifu wake ni kwamba haikulifikisha somo hilo mwisho.

Na methali je? Methali haikusema uongo, bali sisi tuliisoma nusu. Tulidhani inamwahidi mchezaji malipo, kana kwamba tunzo huanguka lenyewe kama mvua. Kumbe inawaagiza watazamaji wajibu. Ngomani hakuna sarafu iliyojibandika yenyewe, na ilikuwa lazima mtu ainuke alipoketi, apite mbele ya watu, atoe alichonacho. Mwanafunzi anayesoma insha hii huenda hana fedha. Lakini Jumamosi ijayo pana timu inacheza karibu na kwao, pengine katika uwanja wa vumbi usio na jukwaa, na mistari yake imechorwa kwa majivu. Inahitaji mtu wa kuokota mawe uwanjani kabla ya mchezo, mtu wa kuandika matokeo, mtu wa kushika kibendera, na watu wa kusimama pembeni walijue jina la mlinda lango. Akainuke aende.